Bunduki ya Watu wa Kulia

Risasi yangu ya kwanza ilipiga mahali pake, na bado nilifokewa. Tulikuwa kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, upande wa Lurujo, nje ya mji wa Koboko. Kampuni ya ulinzi iliyoniajiri ilikuwa imetuleta huko, sisi walinzi wapya, tujifunze kutumia shotgani, zile bunduki za marisau. Mbele yetu walisimamisha bati lenye duara la chokaa. Nilipofyatua, duara lilitoboka kama chekecheke. Nikavuta kishikio cha chini ya mtutu ili nitoe ganda tupu. Ganda likaruka mbele ya pua yangu, likatumbukia kwenye mkunjo wa shati langu karibu na kiwiko cha kulia, likakaa humo likiniunguza. Moshi wa baruti uliniingia jichoni. Nikawa natikisa mkono huku bunduki nimeishika, na mwalimu, askari mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, akaja mbio.

"Chini! Weka bunduki chini! Wewe mama, iko nacheza ngoma hapa?"

"Afande, ganda nachoma mimi."

"Kwa sababu nashika kama mashoto."

"Mimi iko mashoto, afande."

Akanitazama mimi, kisha akaitazama bunduki, kana kwamba mmoja wetu lazima awe anadanganya.

Nilizaliwa hivyo. Mama yangu alinilazimisha kula na kusalimia watu kwa mkono wa kulia, lakini jembe na panga aliniacha nishike nitakavyo, kwa kuwa alitaka kazi iishe. Kwa hiyo nilifika utu uzima bila kujiona mlemavu. Ni pale machimboni nilipoanza kujiona hivyo.

Shotgani zetu zina tundu upande wa kulia, na ganda hutokea hapo. Mtu wa kulia akifyatua, ganda linaruka mbali naye, kwenda zake. Mimi nikiiweka begani kushoto, tundu lote linanitazama usoni. Halafu kuna kitufe cha usalama, nyuma ya kifyatulio. Mtu wa kulia anakisukuma kutoka kulia kwa kidole kilekile cha kufyatulia, hata hafikirii. Kidole changu kiko upande wa pili. Lazima niachie mshiko, nizungushe mkono, nikitafute kitufe, nikisukume, ndipo nishike tena. Aliyeichora bunduki ile hakuwahi kuwaza kwamba mtu kama mimi yupo duniani.

"Hamia kulia," mwalimu aliamuru.

Nikahamia. Jicho langu la kulia halioni mbali vizuri tangu utoto. Bati nililiona kama nguo iliyoanikwa kwenye ukungu. Nikapiga mawe. Nikapiga nyasi. Wenzangu walikuwa wamekaa kivulini, na kila nilipokosa walinyamaza kwa adabu iliyoniudhi kuliko kicheko. Siku zilivyokwenda, bega liliota alama nyeusi, na mwalimu akaanza kunishauri nirudi shamba kwetu nikalime mihogo.

Siku ya mtihani nikamwambia, "Afande, wacha mimi napiga ya kwangu. Kama nakosa, nitaenda mwenyewe."

Alikubali, nadhani kwa kuchoka tu. Niliteremsha mikono ya shati, nikafunga vifungo, nikapiga kushoto. Sikukosa hata mara moja. Machozi yalikuwa yakinitoka kwa moshi, na mkono wangu wa kulia ulichubuka, lakini nikapita.

"Umepita," mwalimu alisema. "Lakini kazini utabeba kama wengine. Kampuni hapana nunua bunduki ya mutu moja."

Nikapelekwa lindo la Pajulu, nje kidogo ya Arua, kwenye shamba kubwa la kuku wa mayai. Wafanyabiashara walikuja na malori, wengine wa Arua, wengine wa Sudan Kusini, wakaondoka na trei za mayai zilizofungwa kamba. Niligawana zamu ya mchana na mzee mmoja aliyekuwa dereva zamani. Yeye alishika geti na rungu; bunduki ilikuwa yangu. Alikuwa mtu mpole, akiniita "mwanangu", na asubuhi alinibakizia chai kwenye chupa yake.

Msimamizi wetu alikuja kwa pikipiki bila kutoa taarifa. Kila alipofika alianza na mkanda wa bunduki.

"Bega ya kulia! Watu naona wewe kama mutu hapana fundishwa."

Nikawa naubeba mzigo ule kulia kwa ajili ya macho ya watu, nikijua kabisa kwamba siku ya haja nitapoteza muda kuuhamisha. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia zaidi ya mara moja. Alisema nizoee.

Siku ya haja ilikuja alasiri moja ya jua kali. Lori lilikuwa linapakia, wanawake wa kupanga mayai wamesimama kwenye mstari wakipokezana trei. Mbwa akaingia getini akiyumba, taya limelegea, mate yakining'inia hadi kifuani. Hakubweka. Mzee alitambua mara moja.

"Mbwa iko na kichaa! Mama zangu, panda gari! Panda!"

Trei zikaanguka. Wanawake wakaparamia lori, mmoja akiacha kitenge chake chini. Mbwa akapita kando yao, akasimama karibu na tuta la udongo nyuma ya banda la kwanza, na pale hapakuwa na mtu nyuma yake. Ilikuwa nafasi nzuri kabisa. Nikainua bunduki kutoka bega la kulia, kama nilivyoamriwa kuibeba. Kwa jicho la kulia sikumwona mbwa, niliona kivuli tu. Nikaihamishia kushoto, mkanda ukanikamata kiwiko. Nikajinasua. Nikafyatua, kifyatulio kikagoma: kitufe cha usalama bado. Nikaachia mshiko, nikazungusha kidole, na katika kukitafuta kile kitufe nilimsikia mzee akipiga yowe.

Mbwa alikuwa amemgeukia na kumng'ata shavu la mguu. Sikuweza kupiga, wawili wale walikuwa kitu kimoja. Mzee akamtwanga rungu la kichwa, mbwa akamwachia na kurudi kwa kuyumba kwenye tuta. Hapo nikapiga. Mbwa akalala.

Tulimwosha mzee jeraha kwa sabuni na maji ya bomba, maji mengi, mpaka akalalamika baridi. Kisha nikampandisha bodaboda kwenda hospitali mjini. Alichomwa sindano, akarudia nyingine kila alipoambiwa arudi, na akapona. Alibaki anachechemea kidogo wakati wa mvua. Hakunilaumu hata siku moja, na jambo hilo lilinikaa vibaya moyoni, kwa sababu nilitaka mtu mmoja akasirike pamoja nami.

Msimamizi alikuja kesho yake.

"Ulichelewa," alisema.

Nikatoa risasi zote, nikahakikisha chemba ni tupu, nikampa bunduki. "Shika kwa kushoto, bosi. Weka bega. Sasa toa kitufe ya usalama."

Akajaribu. Kidole chake kikatambaa juu ya chuma kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. Akacheka. "Ah, iko nguvu kidogo."

"Mimi nafanya hiyo na mbwa mbele yangu."

Kicheko kikamwisha. Akanirudishia bunduki, akawasha pikipiki akaenda. Nilidhani ameelewa.

Wiki iliyofuata, kwa agizo lake, niliitwa kwenye ghala letu la silaha. Mtunza ghala alinitolea bunduki ya zamani, yenye mitutu miwili, ile ya kukunjwa katikati. Hakuna aliyeitaka kwa sababu inachukua risasi mbili tu. Lakini ina kitufe chake juu, katikati, mahali pa kidole gumba, na kidole gumba cha kushoto kinakifikia sawa na cha kulia. Maganda hayaruki; unaikunja unayatoa mwenyewe. Niliiweka begani nikahisi kichwa changu kimekaa mahali pake kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii. Nikaenda nayo Pajulu. Mzee, aliyekuwa amesharudi getini, alisema hata kusimama kwangu kumebadilika.

Sikuishi nayo sana. Mkubwa mmoja alikuja kutoka Kampala kukagua malindo. Aliteremka kwenye gari, akaniona, akamuuliza msimamizi, "Huyu ametoka kuwinda kanga?" Watu wakacheka. Nilijaribu kumweleza. Nilitaja mbwa, nikataja mguu wa mzee, na mzee mwenyewe alikuwa amesimama pale tayari kukunja suruali aonyeshe kovu. Mkubwa alinyanyua mkono kunizuia.

"Mama, walinzi wote wabebe bunduki aina moja. Hiyo ya zamani inatuaibisha mbele ya mteja."

Walinirudishia shotgani siku hiyohiyo. Nimeifikiria mara nyingi ile aibu yake. Kuumwa kwa mtu na mbwa kazini hakukumwaibisha yeyote. Mitutu miwili iliyochakaa ndiyo iliyowaaibisha.

Niliuliza kama inawezekana kuagiza shotgani ya watu wa kushoto, kwa kuwa nilisikia zipo. Msimamizi aliniambia kwa upole kwamba hata akiandika, nani atasoma? Nikafikiria kuacha. Lakini nina watoto shuleni, kwa hiyo nikabaki, nikaenda sokoni Arua nikanunua miwani ya plastiki ya wachomea vyuma, isiyo na rangi. Mkanda nauvaa kushoto sasa, na msimamizi akija anatazama pembeni. Asubuhi kabla ya kutoka nyumbani nashika mpini wa mwiko wa ugali na kuzoeza kidole kuzunguka, kuzunguka, kuzunguka, na binti yangu ananiuliza kama nimeanza kichaa.

Mwaka huu tulirudi Koboko kufanya mtihani tena. Mwalimu mpya, kijana, alitazama bati langu lililotoboka, akatazama miwani, akatazama bega langu.

"Umepiga vizuri sana, mama," alisema. "Sasa fikiria ungepiga vipi kwa kulia."

Nilitaka kumjibu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mengi, ya miaka. Lakini chembe ya baruti ilikuwa imepenya chini ya miwani, jicho lilikuwa linawasha, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Nikaenda kwenye dumu la maji, nikainama, nikajimwagia usoni.