Tisa katika Kumi

Ukitaka kumwona Gesare akikunja uso, mwambie wingi ndio ushindi. Mama huyu, ambaye kanisani huitwa Mama Bravin, huuza nyanya sokoni Sindo siku sita, na ya saba huwa kanisani, ambako darasa lake la Shule ya Sabato lina watu kumi pamoja naye, wote akina mama wenye magoti ya kulalamika. Darasa la Mzee Nicodemus lina watu sitini, na mzee hakubali mtu asahau.

Kila Sabato karani husoma mbele ya kanisa idadi ya waliosoma lesoni, somo la Biblia la nyumbani, kila siku ya juma. Kwa Nicodemus huwa ishirini na kitu. Kwa Gesare tisa, au kumi. Mzee alitabasamu miezi mitatu mfululizo, kisha akapendekeza darasa dogo livunjwe liingie kwake, eti lipate moto. Gesare aliumia sana. Ni wale mama waliolala kwake siku arobaini alipofiwa na mume, na leo aambiwe wakatawanyike kwenye mabenchi ya watu?

Basi juma zima, akishafunga meza sokoni, alikaa na kalamu, akipiga hesabu za Sabato zote kumi na tatu za robo ile ya mwaka. Sabato ilipofika karani alisoma ishirini na nne, na tisa. Gesare akaomba kusema. Nyanya tano zilizooza katika kreti nzima si neno, aliwaeleza, lakini katika sahani ya nyanya sita, mteja atakurudishia na sahani yenyewe. Lazima uulize ni tano kati ya ngapi.

“Mzee, wapange watu wako kumi kumi,” alisema. “Katika kila kumi, wamesoma wanne. Kwangu wamesoma tisa.”

Nicodemus alihesabu kwa vidole, akarudia, vidole vikakataa kumtetea. Akakubali mbele ya wote kwamba darasa lisivunjwe. Lakini mzee ni mzee, hakosi la kusema. Wazembe wake ni wengi mno, alisema, ila huyu mmoja wa darasa dogo wazee wanaweza kumtembelea nyumbani, wamwombee.

“Ni nani huyo, Mama Bravin?”

Akina mama tisa wakatazama viatu vyao. Juma lile, kwa kugawanya na kuzidisha, Gesare hakuifungua lesoni hata siku moja.

“Njooni Jumanne,” alisema. “Nitapika chai.”