Kiti cha Nusaiba

Leodegar wa Temeke aliijua tenisi tangu utotoni, maana baba yake ndiye aliyekuwa akimwagilia viwanja vya klabu moja mjini. Mwaka 1987, akiwa katika ubora wake, jina lake lilikatwa kwenye safari ya Nairobi dakika za mwisho; kiti chake alipewa kiongozi wa chama aliyekuwa na shida zake za kununua redio huko. Goti lilipomkatalia kucheza, akashika kalamu. Magazeti binafsi yalikuwa yakichipuka kama uyoga, na makala zake za kuwachana viongozi zilisomwa mpaka vijiwe vya kahawa. Wachezaji wakasema huyu ndiye wetu, wakamchagua katibu wa chama chao.

Mwaka 1996 ukaja mwaliko wa Kampala: wachezaji watatu, kiongozi mmoja. Nafasi ya kiongozi aliichukua mwenyekiti. Leodegar hakuwa amewahi kupanda ndege. Akalifuta jina la Nusaiba, binti wa Kiwalani aliyewashinda wanawake wote mkoani, akaandika lake, na pembeni “kocha”. Alijiambia msichana bado mdogo, zamu yake itafika. Kumwambia, akashindwa.

Siku ya safari Nusaiba akatokea uwanja wa ndege kwa miguu, begi begani, mama yake Mwanaasha nyuma na kopo la visheti.

“Shikamoo, kaka Leo. Nimechelewa?”

“Marahaba. Nusaiba, mdogo wangu… kumetokea mabadiliko.”

Binti aliitazama tai shingoni mwa Leodegar, akaitazama tiketi mkononi mwake, akaelewa. Hakulia. Mama ndiye aliyesogea.

“Basi baba, chukua hivi visheti. Mle njiani na wenzio.”

Leodegar akapokea. Ndani ya ndege wenzake walivitafuna wakivisifu. Yeye alionja kimoja tu, kopo akawaachia. Kampala, ambako ratiba ilikuwa imeshapangwa kabla, jina la mchezaji wa kike wa Dar lilipoitwa, hakuna aliyeinuka, mpinzani akapewa ushindi wa mezani. Leodegar aliinamisha kichwa kama aliyeangusha kitu.

Aliporudi alikwenda Kiwalani kuomba radhi. Nusaiba alikuwa kwenye cherehani.

“Yameshapita, kaka,” alisema bila kuusimamisha mguu. “Ila mie kucheza, basi tena.”

Alimsihi. Akatuma watu wamsihi. Hakurudi.

Mwezi uliofuata Leodegar alijiuzulu. Barua aliiandika mara tatu, na mara zote tatu mkono ulikataa kuandika ukweli. Magazeti yakaandika kwamba katibu mchapakazi ameondoka kwa sababu za kiafya, watu wakamletea pole nyumbani. Akazipokea.