Naogopa kuitwa jina darasani, ndiyo maana nataka shule ya wanawake

Wapendwa wa hii page, jina langu mlifiche, na la mtoto wangu pia. Niko na miaka ishirini na mbili, ninaishi hapa Kisangani na bwana yangu, mtoto wetu anayeanza kutembea, na mama yangu mzazi. Masomo yangu yalikatika mwaka wa pili wa sekondari, vita ilipofika kijijini kwetu. Kwa hiyo nikikosea kuandika, mnivumilie.

Bwana yangu anaendesha toleka, ile baiskeli ya kubeba watu. Ni mtu mwema, na ni yeye aliyesema nirudi shule. Karibu na kwetu kuna masomo ya watu wazima, ya bure, wanaume na wanawake pamoja. Siku ya kwanza nilivaa kitenge changu kizuri, mtoto mgongoni, nikaketi kwenye benchi la katikati. Mwalimu, papa mmoja mzee wa sauti nzito, akaanza kuita majina. Alipofika kwangu, nikaanza kukaza fundo la kitenge cha mtoto. Akaita tena. Vijana wa nyuma wakaanza kucheka: "Prof, iko hapa! Mama Fulani amemeza ulimi!" Darasa zima likageuka kuniangalia, wengine wakininyooshea kidole.

Sijui kilichofuata. Nilipopata akili nilikuwa chini ya benchi, nimemshusha mtoto mgongoni, na mkono wangu umeziba mdomo wake. Alikuwa anapigana apate pumzi. Jamani, mkono wangu mwenyewe. Mwalimu aliinama akaniambia taratibu, "Mama, mwachilie, mutoto analia tu." Tangu siku ile sikurudi.

Sasa niwaambie kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote. Kule kijijini, siku zile mbaya, tulikuwa tunalala shuleni, familia nyingi pamoja, tukidhani shule haitaguswa. Asubuhi moja wanaume wenye silaha wakaingia. Mama yangu alikuwa ameenda mtoni kuchota maji. Mmoja wao alikuwa wa kijiji jirani, alisoma pale pale, alijua majina yetu, ingawa si sura zote. Akasimama mbele ya ubao na kuanza kuita majina kama mwalimu. Akamwita yaya yangu, kaka yangu mkubwa. Na yaya, ambaye maisha yake yote yalikuwa shule, akasimama wima, mikono nyuma, akajibu kwa Kifaransa kwamba yupo: "Présent!" Hata hakufikiri. Ulimi wake ulizoea tu. Wale wanaume wakacheka sana. "Mwanafunzi mzuri huyo. Njoo mbele." Wakamtoa nje. Nilisikia yaliyompata. Hayo sitayaandika.

Kisha akaita jina langu. Akaliita tena na tena. Chumba kile kilijaa wanawake walionijua tangu nazaliwa, na hakuna aliyegeuza macho upande wangu. Wote walitazama chini. Mama mmoja akaniwekea mtoto wake mapajani, ili nionekane mama mwenye mtoto, si mwanafunzi. Ndiyo maana ninapumua leo.

Basi mkiniuliza kwa nini ninataka shule ya wanawake, ni hiyo. Si kwamba nachukia wanaume. Huku mjini kuna shule ya masera, wale watawa, ya wamama na wasichana peke yao: kusoma, kushona, na mwisho ukunga. Nilienda kusimama dirishani kwao. Hakuna anayeita majina. Kila mwanamke anajitaja mwenyewe na kusema mtoto wake ameamka vipi. Mmoja akasema, "Wangu ameamka na njaa ya simba, amemaliza chikwange yote ya baba yake," wakacheka wote. Mara nikasikia jina langu likitoka mdomoni mwangu, polepole, pale pale dirishani. Masera mkubwa akaniona, akasema, "Nafasi yako iko, mama. Tunaomba tu bwana yako aje tuongee naye."

Bwana yangu amekataa. "Shule ya bure iko hapa karibu, unataka kuvuka muji muzima sababu gani? Unataka kuwa masera na mutoto mugongoni?"

Nikasema, "Papa Fulani, kule siwezi."

"Huwezi kwa nini? Ni yule prof? Alikugusa? Sema, niende nimuone!"

"Hapana, hakunikosea kitu."

"Basi nipe sababu. Moja tu. Unanyamaza, halafu mimi nifikiri nini?"

Sasa anataka kwenda Jumamosi kumtafuta yule papa mzee ambaye hana kosa lolote. Ninaweza kumzuia kwa maneno machache. Lakini nyumba yetu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na nyuma ya pazia kuna mama. Mama anaamini yaya alikimbia kwa pirogi, ule mtumbwi, mpaka Isangi. Kila boti ikitoka upande ule anashuka bandarini kuuliza abiria, na anarudi akisema, "Pengine ya wiki ijayo." Mimi ndiye niliyemwambia, tulipokutana mbali na kijiji, kwamba mimi na yaya tulipotezana tukikimbia; wanawake wa chumba kile hatujawaona tena. Nikimweleza bwana yangu ukweli, hawezi kumtazama mama usoni bila mama kujua. Nikinyamaza, mzee wa watu atapigwa, na mimi nitabaki hapa, mama anayeuogopa mkono wake mwenyewe.

Nataka kusoma. Nataka siku moja niwe mkunga, nipokee watoto wakilia kwa nguvu, na mtu asiwazibe midomo.

Ninyi wamama mnaosoma hapa, hasa mliopoteza mtoto bila kumzika: mngependa kuambiwa, au mngependa kuachiwa boti ya wiki ijayo? Na kama ni kuambiwa, nifundisheni naanzaje. Maneno ya kwanza tu. Mengine nitayapata mwenyewe.