Blandina aliyewalisha ng'ombe paa la jiko

Jua halijatoka vizuri, na tayari Bwana Shamba anatukanwa.

"Bwana Shamba, mvivu wewe! Unasinzia kazini? Tembea!"

Anayetukana ni Blandina Nyanjige, mjane wa miaka hamsini na mbili, mikono yote miwili kwenye mpini wa plau. Anayetukanwa ni dume jekundu lenye pembe moja iliyopinda kama mpini wa mwavuli. Mwenzake katika nira ni mweusi, na anaitwa Katibu. Mbele yao anatembea Anna, binti wa Blandina, akiwaongoza kwa kamba.

Majina hayo aliyatoa marehemu mumewe, Masunga, enzi ambazo kijiji kilikuwa na katibu wa ushirika na bwana shamba wa serikali. Katibu aliondoka pale wanunuzi binafsi wa pamba waliporuhusiwa, miaka mitatu iliyopita. Bwana shamba alipunguzwa kazini baadaye. Hivyo basi, katika kitongoji hiki kilicho nyuma ya Somanda, wilayani Bariadi, watumishi pekee waliobaki kwenye vituo vyao vya kazi wana pembe.

Mvua ya kwanza imenyesha wiki hii. Ardhi imelainika, na kila mtu anataka kulimiwa leo, si kesho. Kando ya shamba wamesimama wanaume kadhaa, kofia mkononi kama walio msibani, wakisubiri mama huyu awape zamu.

Ni walewale waliokubaliana, kiangazi kilipoanza, kwamba Blandina asilime shamba la mtu yeyote.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye dagashida, baraza la jadi la wakazi. Mvua zilikuwa zimegoma misimu miwili. Baraza likaamua kila kaya itoe debe la mtama, apelekewe mganga wa mvua. Wanawake walikuwa wamekaa nyuma, kimya, kama ilivyo desturi. Blandina akasimama.

"Nikasema mimi nimebatizwa, mvua naiomba kwa Mungu," anasimulia. "Shemeji yangu Mahona akaniuliza, 'Na isiponyesha?' Nikamjibu, 'Isiponyesha nitakuwa na njaa kama wewe, ila mtama wangu nitakuwa nimeula mwenyewe.'"

Jibu hilo halikulifurahisha baraza. Mahona, kaka wa marehemu Masunga na kiongozi wa kikao, alitoa hukumu palepale. Ng'ombe wa Blandina wasikanyage ngitili, yaani malisho ambayo kitongoji huyafunga wakati wa mvua ili mifugo ipate nyasi za kiangazi. Tena mtu asimkodi kulima. Siku atakayoleta debe lake, hukumu itaondolewa.

Kwa mwanamke anayekula kwa kuwalimia watu, hiyo ilikuwa hukumu ya kuwaua ng'ombe wake polepole.

Ikumbukwe kwamba miongoni mwa walioyabeba madebe yao kwenda kwa mganga walikuwemo waumini wengi wa kigango, kanisa dogo la kitongoji, akiwemo mwenyekiti wao, Mzee Zengo, ambaye kila Jumapili huongoza sala ya kuomba mvua.

"Nilitoa kwa ajili ya amani," Mzee Zengo anaeleza, kwa utulivu wa mtu aliyejiandaa. "Halafu mtama wenyewe ulikuwa na wadudu."

Blandina hajidai kuwa imani yake ilizaliwa na misuli. Alibatizwa mtu mzima, mwaka mmoja kabla ya kufiwa.

"Nilidhani ubatizo ni kama kujiunga na ushirika," anasema. "Ukishapata kadi, mbegu zinaletwa, dawa inaletwa, unasubiri tu. Mwaka wa kwanza nikavuna vizuri, nikasema umeona! Mwaka wa pili Masunga akafa, pamba ikakauka, na ushirika nao ukafa. Nikamnunia Mungu. Kanisani nilikwenda, lakini kuimba siimbi. Nakaa tu namwangalia."

Alinuna karibu mwaka mzima. Anasema hakuna malaika aliyekuja kumbembeleza. Siku moja tu, akipalilia, alijikuta anaimba, akakasirika, halafu akaendelea kuimba.

"Hapo nikajua huyu si ushirika," anasema. "Ushirika ulivyoacha kutoa, niliusahau. Huyu alivyoacha kutoa, nilibaki namnunia. Huwezi kumnunia mtu ambaye hayupo."

Kwa hiyo, alipofungiwa ngitili, Blandina alitazama huku na huku akitafuta nyasi. Hakukuwa na nyasi popote, isipokuwa juu ya jiko lake.

Alianza kuezua upande wa nyuma, unaotazama zizi, watu wasimwone. Alizitwanga zile nyasi kuukuu, zilizokolea moshi, akazilowesha kwa maji ya chumvi, akawapa. Katibu alikula bila maswali. Bwana Shamba aligoma siku nzima, kisha akala.

Kitongoji kikajua, kikacheka. Wapitao njia wakawa wanauliza kwa adabu zote, wakimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, leo mnakula sebule au chumba?" Blandina akahamia upande wa mbele, unaotazama barabara, akaezua mchana kweupe huku akiwasalimia.

"Kama ni kuchekwa, wacheke wakiona vizuri," anasema.

Aliyekuwa hacheki ni Anna. "Nilimwambia, 'Mama, debe moja tu. Mungu ataelewa,'" anakumbuka binti huyo. "Akaniambia, 'Najua ataelewa. Mimi ndiye sitaelewa.'"

Wakati huo Novatus, mchuuzi wa ng'ombe mwenye lori, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Siku hizi biashara ni huria, na bei yake ilikuwa nzuri kwa mtu anayeogopa kiangazi. Wengi waliuza madume yao ya kulimia, akiwemo Mahona. Kwa Blandina alirudi mara nyingi, kila mara akikuta paa limepungua.

"Mama, hawa wanakufa," alimwambia.

"Wakifa utawaona. Mpaka hapo, usinipimie ng'ombe kwa macho."

Mwishoni mwa kiangazi Bwana Shamba alianguka zizini, akashindwa kuinuka. Ilikuwa imebaki kona moja tu ya paa. Blandina alipiga magoti kwenye samadi, kandokando ya dume lile.

"Mvua sikuiomba siku hiyo," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Nilimwambia, 'Baba, ukimchukua huyu, Jumapili nitakuja vilevile. Ila nitakuja nimekasirika.'"

Kisha yeye na Anna wakapitisha mti chini ya tumbo la dume, mmoja huku, mmoja kule, wakamwinua. Wakamlisha kona iliyobaki kwa mkono.

Mvua ilipokuja, ilimkuta Blandina anasonga ugali katika jiko lisilo na paa. Ilizima moto, ikageuza ugali kuwa uji. Mganga ametangaza kuwa mvua ni yake.

"Sigombei mvua na mtu," Blandina anasema. "Tena ilianzia kwake, niliiona ikitokea kule. Mungu hakuuliza nani alitoa debe."

Tatizo la kitongoji ni kwamba mvua ipo, na madume yamekwenda na lori. Juzi Mahona alipitia nyuma ya zizi kuomba kulimiwa. Alijibiwa aje shambani, mbele za watu. Leo amekuja.

"Mwangaluka, mayu," anasalimia.

"Mwangaluka, shemeji. Umepotea? Ngitili iko kule."

"Shamba langu limepata unyevu."

"Na hukumu?"

"Tumeiondoa."

"Debe sijaleta."

"Tumeiondoa, shemeji."

"Iondoe kwa sauti. Katibu hakusikia."

Mahona anawatazama wenzake, ambao ghafla wanachunguza kofia zao. Anakohoa, kisha anaiondoa kwa sauti kubwa hata mbuzi wa mbali wanageuka.

"Vizuri. Utakuwa wa mwisho," Blandina anamwambia. "Si kwa ubaya. Shamba lako ndilo la mwisho."

Anageuza plau. Mzee Zengo, wa tatu katika foleni, anaona hapo ndipo pa kutoa ushauri wa kichungaji.

"Blandina, ukimaliza msimu, weka bati jikoni. Kila mtu sasa anaweka bati."

Blandina anasimamisha ng'ombe. Anasema ataezeka upya mara nyasi zitakapokomaa, tena kwa nyasi nene kuliko zile za kwanza, pande zote mbili, nyuma na mbele.

"Bati, mzee? Kiangazi kikirudi, Bwana Shamba atatafuna bati?"