Wiki Moja Kila Agosti

Aline mwanangu, kuna Jumamosi moja ambayo sijaisahau hata leo. Sikuwa na mpango wa kukusimulia. Lakini juzi ulikuja hapa na bwana yako, mkanionyesha kwenye simu picha za nyumba nyeupe kando ya ziwa, mkasema mmealikwa kwenda kuziangalia, na chakula ni bure. Mkiingia katika klabu hiyo, mlisema, mtakuwa na wiki moja kila mwaka ya kupumzika humo mpaka uzeeni, na baada yenu watoto wenu. Christian alikuwa anang'aa uso mzima. Wewe ulikuwa unaniangalia mimi. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kumjibu mkwe wangu kwa pupa. Sasa nawajibu, na msikilize wote wawili.

Sisi pia tulialikwa. Wewe ulikuwa bado kwenye primaire, shule ya msingi, na mdogo wako Espoir alikuwa bado ananyonya. Baba yako alikuwa muuguzi, akifanya kazi ya usiku mara nyingi kuliko ya mchana, na mimi nilikuwa nauza vitenge pale sokoni Nyawera. Klabu ile ilikuwa imejenga nyumba zake mbali kidogo na mji, mahali ambapo wakati ule hakukuwa na barabara nzuri. Walikuwa wanawapeleka watu kwa boti yao. Walisema waje watu wazima wote wa nyumba, na kwamba saa sita ya mchana tutakuwa tumerudi. Basi tulienda watatu: baba yako, mimi, na koko wenu, mama wa baba yako, ambaye alikuwa ameshuka kutoka kijijini kwetu Nyantende kututembelea. Wewe na Espoir niliwaacha kwa jirani yetu, Maman Zawadi. Nilimnyonyesha mtoto asubuhi, nikamfunga mgongoni mwa jirani, nikaenda bila wasiwasi.

Tulikuwa familia kadhaa ndani ya ile boti, watu wamevaa kama siku ya Pasaka. Ziwa lilikuwa limetulia. Na nyumba zilikuwa nzuri, mwanangu, sitakudanganya. Vitanda vipana, mashuka meupe, veranda inayotazama maji. Baba yako aliketi juu ya kitanda kimoja, akaweka viganja vyake viwili juu ya shuka, akabaki hivyo. Nilikuwa namjua tangu ujana wetu na sikuwahi kumwona na uso ule.

Kutoka hapo wakatuingiza katika salle, ukumbi mkubwa, kila familia na meza yake, kila meza na mtu wake wa kuiuzia. Wetu aliitwa Patrick, kijana mwenye adabu, suti imemkaa vizuri, sauti ya upole. Hakuanza na bei. Alimgeukia baba yako akamuuliza:

"Papa, mara ya mwisho ulipumzika, ilikuwa lini?"

Baba yako akasogeza kiti chake karibu na meza. Nadhani tangu dakika ile alikuwa amekwisha kukubali, hata kama yeye mwenyewe hakujua.

Maelezo yalikuwa marefu. Saa sita ikapita. Chakula kililetwa, tukala, maelezo yakaendelea. Kila familia iliposaini kontra, ule mkataba wao, watu walipiga makofi, wakapewa glasi ya divai. Waliosaini walipokuwa wengi, boti ikawapeleka mjini. Niliwaona kupitia dirisha wakiteremka wanacheka. Baadaye boti ilirudi tupu, ikafungwa kwenye nguzo, ikakaa. Nikauliza:

"Na sisi tunarudi saa ngapi?"

"Maman, tukimaliza tu, munaenda."

"Tukimaliza nini?"

Alitabasamu. "Kuamua."

Hapo ndipo nilipoelewa tuko wapi. Nyuma yetu mlima na vichaka, mbele yetu maji, na boti ni yao. Nilijaribu kumpigia simu Maman Zawadi. Simu haikupata mtandao. Maziwa yalikuwa yamenijaa mpaka nilikuwa siwezi kushusha mikono vizuri. Wewe sasa ni mama, unaujua ule uchungu. Mwili unakuambia mtoto analia, hata kama masikio hayasikii.

"Papa Aline, turudi," nikamwambia polepole. "Mutoto anataka kunyonya."

"Maman Zawadi iko naye. Atamupa uji."

"Hajazoea uji, unajua."

Patrick akaingia katikati, bado kwa ile sauti yake ya upole. "Maman anaogopa kidogo tu. Wamama wengi wanaogopa mwanzo. Lakini mwenye kuamua nyumbani ni papa, sivyo?"

Hasira ilinipanda. Badala ya kumjibu yeye, nilimgeukia baba yako na kumwambia, mbele ya meza zote, kwamba kama ni kitanda anacho nyumbani, arudi akilalie.

Watu waligeuka kutuangalia. Baba yako akaweka glasi yake ya maji chini. "Mimi pia niko mutu, Maman Aline," alisema. "Mimi pia ninachoka." Na kwa kuwa nilikuwa nimemwaibisha, alifanya jambo ambalo nadhani asubuhi hakuwa amelifikiria hata kidogo. Alimwambia Patrick: "Tuko na shamba Nyantende. Tunaweza kuliuzisha."

Koko wenu alikuwa bado anamaliza samaki wake. Mkono wake ukasimama. Shamba lile alikuwa amelilima tangu siku alipoolewa. Maharage tuliyokula mwaka mzima yalitoka humo. Nilidhani atalia au atapiga kelele. Alipangusa vidole vyake kimoja kimoja, akakaa akimwangalia mwanawe.

Nje kulikuwa kumeanza kuwa giza la mvua. Radi ilipiga juu ya milima ya upande wa pili, na maji yakabadilika rangi. Mwendesha boti akachungulia mlangoni.

"Upepo inakuja," alisema. "Kama hatutoki sasa, hatutoki tena leo."

"Dakika kidogo tu," Patrick akamjibu bila kugeuka. Akasukuma kontra mbele ya baba yako, akafungua kalamu, akampa. Bei hii ni ya leo, alisema. Kesho si yenu tena. Baba yako akaishika ile kalamu.

"Murhula."

Alikuwa koko wenu. Hakumwita Papa Aline kama alivyozoea kumwita mbele ya watu. Alimwita jina alilompa mwenyewe.

"Angalia kitenge ya bibi yako."

Baba yako akageuka. Maziwa yalikuwa yamepita blauzi, yakapita kitenge nilichokuwa nimekikunja na kukishikilia kifuani, yakateremka mpaka kiunoni. Nilikuwa nimekaa hivyo muda mrefu kwa aibu, nikijificha nyuma ya meza. Aliangalia, na aliangalia kama muuguzi, kwa maana alijua hiyo ni kazi ya saa ngapi. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Tunaenda," alisema.

"Papa, ukitoka kwa ule mulango, bei hii hautaipata tena."

"Kama hii kitu iko muzuri, itakuwa muzuri hata juma ijayo. Nipe karatasi niende kuisoma kwetu."

"Kontra haitokake hapa kama haijasainiwa."

Baba yako akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anangoja jibu hilo hilo. Akamshika mama yake mkono, akanipa koti lake nijifunike. Tulipofika mlangoni nikasikia kiti kinavutwa nyuma yetu. Familia moja ilikuwa imesimama, kisha nyingine. Wote walikuwa wanangoja mtu wa kwanza. Nilipogeuka nilimwona Patrick amebaki peke yake mezani, na kwenye kona mkubwa wake anamkodolea macho. Nilimhurumia. Yeye pia alikuwa na njia yake ya kurudi ambayo haikuwa mikononi mwake.

Mwendesha boti alitupakia wote bila kumuuliza mtu. Kuvuka kulikuwa kubaya. Mvua ilitupiga usoni, mawimbi yakawa yanainua boti na kuiachia. Koko wenu alishika rozari na hakufumbua macho. Baba yako alitushikilia sisi wawili, mmoja kila upande, safari nzima. Mimi nilikuwa naogopa mambo mawili, maji na mtoto, na sijui lipi lilikuwa kubwa zaidi.

Tulipofika nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona, nikawaacha baba yako na koko wenu nyuma. Karibu na nyumba nikatega sikio nisikie kilio, na sikusikia kitu. Maman Zawadi alikuwa mlangoni pake na Espoir mgongoni, anamtembeza mbele na nyuma. Mtoto alikuwa analia bado; sauti ndiyo iliyokuwa imekwisha. Mdomo wazi, machozi yanatiririka, na pumzi tu inatoka. Wewe ulikuwa umesimama kando na kikombe cha uji mkononi, kimejaa vilevile. Nilikaa chini palepale, nimelowa, nikampa titi. Alilishika akiwa anatetemeka.

Baba yako alifika na mama yake. Akachuchumaa mlangoni na viatu vimejaa maji. "Nisamehe," aliniambia. Nilikuwa na maneno mengi tayari, makali. Koko wenu akanitangulia.

"Wewe, Murhula. Kupumzika si zambi. Lakini mambo ya nyumba yako umeenda kuyapangia mbele ya mutu mwenye haraka, na bibi yako umemufanya adui mbele yake. Na siku ingine ukitaka kuuzisha shamba, mutu wa kwanza kuuliza ni mimi."

Nilikuwa namsikiliza kwa raha, mwanangu. Nilidhani amemaliza. Akanigeukia.

"Na wewe. Kukatala unajua. Lakini ule kijana ameuliza bwana yako swali moja yenye wewe haujamuulizaka hata siku moja."

Jumapili ile baada ya misa nilimpeleka baba yako pembeni nikamuuliza: unachoka na nini? Tuliongea mpaka chakula kikapoa. Aliniambia kuhusu baba yake, ambaye alibeba mizigo ya watu maisha yake yote, na kwamba hakuna mtoto wake hata mmoja aliyewahi kumwona ameketi tu, bila kufanya kitu. "Nataka watoto wetu wanikumbuke nikiwa nimeketi," alisema. Hayo ndiyo aliyokuwa anayatafuta juu ya lile shuka jeupe. Ungeniuliza asubuhi ya Jumamosi, ningekuambia bwana wangu anapenda anasa.

Agosti ile tulipanga nyumba ndogo kando ya ziwa, wiki moja, kwa mtu wa parokia yetu. Bati tu, hakuna veranda. Baba yako alilala kama mgonjwa, kisha akaamka, akaketi majini pamoja nanyi mpaka ngozi za vidole zikakunjamana. Mwaka uliofuata hatukwenda, koko wenu alikuwa mgonjwa na wiki hiyo ilihitajika kitandani pake. Mwaka mwingine ilikuwa mitihani yako. Mwaka mwingine barabara na ziwa vyote havikuwa na usalama, unajua mji wetu. Kisha tukaenda tena, lakini kwa Espoir na marafiki zake wote, na nyumba ya klabu ile, ya watu wanne, isingetutosha.

Na sitaki mfikiri kila aliyesaini alilia. Namjua mzee mmoja na mke wake waliosaini siku ile. Watoto wao walikuwa wamekwisha kuoa, hawana anayewangoja, na wiki yoyote kwao ni sawa. Wanakwenda mpaka leo na wanafurahi. Namjua pia mwalimu mmoja ambaye kila akiomba Agosti anaambiwa imejaa, anapewa wiki ya Novemba, wakati yeye yuko darasani na mvua ziko juu. Ada ya kila mwaka anailipa, alale humo asilale. Alitaka kutoka, akakuta kuingia kulikuwa rahisi zaidi.

Kwa hiyo sitawaambia msiende. Nendeni mkaone, lakini mwende na usafiri wenu, na asubuhi muwe mmekwisha kukubaliana kwamba siku hiyo hakuna anayesaini, hata waseme nini. Ombeni kwanza kukodi nyumba hiyo wiki moja kama wageni, na mkaikae kweli, na watoto na vyombo na uchovu wenu. Kontra isomeeni nyumbani. Wakikataa isitoke, basi wamekwisha kuwajibu. Ulizeni mtatokaje siku mkishindwa, na kama mnachowaachia watoto ni nyumba au ni ada. Mkumbuke miaka yenu iliyopita, mjiulize ni mingapi mngeweza kweli kuondoka wiki ileile. Na wewe Aline, kabla ya hayo yote, muulize Christian anachoka na nini. Muulize leo, mkiwa wawili. Christian, na wewe umuulize yeye.

Mungu wa mababu zenu awape nyumba ambamo aliyechoka anaweza kusema nimechoka, na mwenzake akaacha alichokishika, akasikiliza. Awape usingizi mzuri popote mtakapolaza vichwa, penu au pa kupanga. Na watoto wenu wawaone mkicheka mchana kweupe. Mubarikiwe, wanangu.