Filamu Nne za Mwaka Ule

Wajukuu wangu wana desturi yao. Msimu wa tuzo za filamu ukifika, hukaa sebuleni kwangu hapa Morogoro mjini, kila mmoja na orodha yake ya filamu bora za mwaka, wakabishana mpaka chai inapoa. Safari hii walinigeukia na mimi. Nikawaambia orodha yangu ni fupi, kwa sababu mwaka ninaoukumbuka zilikuja filamu nne tu, na tulipoambiwa tuchague iliyo bora tulijua ni mtego.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa katekista katika kijiji kimoja cha misheni huko juu Uluguru, bado kijana, nina mke na watoto wawili. Gari la sinema la serikali lilipanda kwetu mara nne mwaka ule. Dereva aliogopa kuteremka gizani kwenye utelezi, kwa hiyo tulitazama mchana katika ukumbi wa parokia, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi. Kila nyumba ilileta blanketi lake, na harufu ya moshi wa jikoni ilijaa humo ndani hata macho yakawasha.

Filamu hatukuziita kwa majina. Kulikuwa na ile ya mlevi, ambaye mbuzi wake alimfuata kilabuni kila siku na kumngoja mlangoni. Kulikuwa na ile ya kisomo, ya mzee anayejifunza kuandika jina lake. Kulikuwa na ile ya choo, yenye nzi mkubwa aliyejaa kitambaa chote cha sinema, watoto wakalia. Na kulikuwa na ile ya mpunga, ya mashamba ya tambarare, maji yametulia mpaka macho yanapoishia.

Ile ya mpunga ilimshika mama yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea, na kwa kuwa kwetu ardhi hufuata upande wa mama, ndiye aliyeshika mashamba ya ukoo. Mama yake alizikwa pembeni ya shamba la maharage, mahali pa mteremko mkali. Siku nyingi baada ya filamu ile aliniuliza maji yanawezaje kukaa bila kwenda popote. Maji yote aliyoyajua maishani yalikuwa yakiteremka.

Karibu na Noeli bwana sinema, yule aliyetuendeshea mashine ya picha, alikuja na fomu. Alisema kila kijiji kichague filamu bora ya mwaka, na itakayoshinda itazungushwa tena kote. Aliniachia mimi fomu hizo kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, nizipeleke ofisini mjini baada ya wiki mbili.

Jumapili, baada ya Misa, tulizisoma. Fomu ilitaka jina la mkuu wa kaya, filamu aliyoipenda, alama ya kidole gumba, na idadi ya watu wa kaya. Hapo pa mwisho balozi wetu wa nyumba kumi aliniomba nirudie kusoma. Kisha akauliza kwa upole, mtu akipenda sinema, watoto wake wanahesabiwa kwa nini?

Wakati ule tulikuwa tukisikia habari za watu wa bondeni waliopakiwa kwenye malori na vyombo vyao kwenda vijiji vipya. Mzee mmoja akasema atakayechagua mpunga atapewa mpunga, kule kule tambarare ya Dakawa, pamoja na mbu wake. Wengine walikumbuka matuta ya ngazi waliyolazimishwa kuchimba wakati wa mkoloni, nayo yalianza na mtu mpole mwenye karatasi. Ile ya mlevi ikakataliwa, maana wangekuja kukagua mitungi ya pombe. Ya kisomo nayo ikakataliwa, maana wazee wangeitwa darasani msimu wa kulima. Ikabaki ya choo. Vyoo tulikuwa navyo tayari.

Basi nikaandika choo, kaya baada ya kaya, mpaka mkono ukachoka. Zamu ya mama mkubwa ilipofika aliinama karibu na sikio langu.

"Mwanangu, wewe ulipenda ipi?"

"Ya mpunga, mama."

"Hata mimi. Andika choo."

Akaweka kidole, kisha akaufuta wino kwa jani la mgomba, akakisugua kidole mpaka jani likachanika.

Mstari wa mwisho ulikuwa wangu. Wiki ile ile nilikuwa nimewafundisha watoto amri ya nane, usiseme uongo. Nilikaa na kalamu kwa muda mrefu. Nikaandika mpunga, nikakunja karatasi, sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Mjini bwana sinema alinipa chai. Nikamuuliza kuhusu safu ile ya idadi ya watu. Alisema karatasi ni adimu, ofisi imetumia fomu iliyotengenezwa kwa kazi nyingine. Alisema akitazama kikombe. Sikumwamini, na mpaka leo simwamini sana, Mungu anisamehe.

Mama mmoja aliyeshuka kuuza kabeji aliniona nikinywa ile chai. Habari kwamba nakunywa chai na watu wa serikali ilifika mlimani kabla yangu. Nikisalimu "Tumsifu Yesu Kristo", niliitikiwa kwa sauti ya chini, macho yakitazama jembe. Watoto wa mafundisho wakapungua. Mama mkubwa aliacha kunitumia maharage, na nilipokwenda kumwamkia aliitikia marahaba akiwa ameupa mlango mgongo. Siku moja nilimkuta shambani akipanga mawe mapya kuzunguka kaburi la mama yake. Nilichukua jiwe nimsaidie, akaninyang'anya taratibu.

Mvua zilipokatika gari likapanda tena. Tukaziba madirisha, mashine ikaanza kunguruma, na kwenye kitambaa yakatokea yale maji ya tambarare.

Nilihisi shingo zikinigeukia. Bwana sinema, bila kujua lolote, akaeleza kwamba vijiji vingi vilichagua mpunga, ndiyo maana imeshinda.

"Ila ninyi, ndugu zangu," akasema akicheka, "mna mapenzi ya ajabu na vyoo. Kijiji kizima choo, isipokuwa mtu mmoja."

"Nani?" akauliza balozi.

Nilisimama kabla hajafungua karatasi zake, mwanga wa mashine ukanipiga kifuani. Nikasema ni mimi. Nikasema niliogopa kusema uongo kuliko nilivyoogopa lori, na kwamba kama kuna kaya ya kuhamishwa, niliandika yangu tu, watu wanne. Ya mama mkubwa sikuigusa.

Nilikuwa tayari kutolewa nje. Kisha kutoka kwenye benchi la mbele mama mkubwa alinyoosha mkono, akanivuta shati.

"Kaa chini, mwanangu," akasema. "Unanizibia maji."