Uso wa Mkwe Wakati wa Masika

Ukiniuliza mimi, mpiga picha anayezaliwa Tukuyu amezaliwa na mkosi. Wenzetu wa Dodoma wanalalamika kwamba jua limezidi. Sisi huku masika yakishashika, unaamka na ukungu, unashinda na mvua, unalala na ukungu. Mlima Rungwe unaweza kumaliza wiki nzima hujauona, na mgeni akiuliza uko wapi unamwonyesha kidole kwenye wingu, akuamini asikuamini, shauri yake.

Nakula kwa picha za pasipoti, harusi na misiba, zote za rangi. Lakini nikipata nafasi nachukua kamera ya mtumba niliyoinunua Mbeya, nashuka sokoni, napanda stendi, napiga watu bila kuwapanga. Hizo ni zangu mwenyewe na zote ni nyeusi na nyeupe. Hapa mjini hakuna anayezielewa. Muuza mitumba mmoja kila akiniona huniuliza kama rangi imeniishia. Mama mmoja wa viazi alinifukuza mezani kwake, akasema picha zangu zinafanana na zile zinazobandikwa kwenye msalaba wa kaburi, na yeye bado ana watoto wa kusomesha. Roho iliniuma, nikaenda zangu.

Miaka yote hiyo ya kuzunguka imenifundisha jambo moja, kwamba mtu hafukuzwi. Unautafuta mwanga kwanza. Unaona pale turubai la sokoni lilipopasuka, jua linapita kama kamba na kugonga meza ya nyanya. Unaona ukuta uliopakwa chokaa unavyourudisha mwanga kwenye nyuso za watu wa upande wa pili wa barabara. Unasimama hapo, kamera ipo kifuani, unajifanya unamsubiri mtu, mpaka mtu anaingia mwenyewe kwenye mwanga. Anayekaa kimya kwa muda husahauliwa, na aliyekusahau ndiye anayekupa uso wake wa kweli. Siku za ukungu mbinu hizo zote hazina kazi. Mwanga unatoka kila upande, hauna kichwa wala miguu, na nyuso zinakuwa kama uji.

Baba yangu alikuwa mkulima wa chai na migomba, na hakuwahi kuisifia kazi yangu hata siku moja. Aliiona ni uvivu uliovaa kamba shingoni. Basi alipopata presha ya macho, nikampeleka hospitali, na daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa ni ya kuchelewesha tu. Baba alikuwa anaona kama anayechungulia kwenye tundu la mlango, na tundu lenyewe lilikuwa linazidi kusinyaa. Rangi zilimkimbia mapema. Kanga nyekundu na kanga ya kijani kwake zilikuwa kitu kimoja. Kilichobaki ni kitu cheusi kikiwa mbele ya cheupe, au cheupe mbele ya cheusi. Jogoo mweupe akipita kwenye udongo uliolowa, huyo alimwona.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo vijana wa siku hizi wanalicheka. Kwetu, kwa jadi ya wazee, mke na baba wa mumewe hawaonani. Wazee wanaita ukutila, yaani kuogopa, lakini ni woga wa heshima. Mkwe akimwona baba mkwe njiani anaingia kichakani. Hawali pamoja, hawasalimiani, hawatazamani. Wengi wameshaacha. Mchungaji wetu mwenyewe anakaa meza moja na mke wa mwanawe na hakuna mbingu iliyoanguka. Baba yangu hakuacha. Na mke wangu, aliyelelewa na bibi yake kule Masoko, hakuacha pia. Tuliishi kiwanja kimoja, nyumba ya baba mbele, yetu nyuma, jiko katikati. Mke wangu ndiye aliyempikia tangu mama afariki. Analeta sahani, anaiweka kwenye stuli nje ya mlango, anakohoa kidogo, anajitenga nyuma ya ukuta wa mbao. Baba akisikia kikohozi anatoka kuchukua. Hata siku ya harusi yetu alikaa nyuma ya nyumba, akamtuma mdogo wake asimame badala yake. Alimjua mkwewe kwa nyayo na kwa chumvi ya maharage, basi.

Mchana mmoja wa mvua aliniita, akaniambia nifunge mlango.

"Nataka kumwona mke wako kabla hapa hapajafungwa," akasema, huku amegusa jicho. "Nitaondoka duniani simjui aliyenilisha."

Nikamwambia nitamwita sasa hivi, ujinga gani huu, tumekuwa watu wazima. Akanikatalia kwa hasira. Kumwita ni kumvunjia heshima aliyoitunza miaka yote, akasema, na yeye hakuwa tayari kumfanyia hivyo mtoto wa watu mwishoni. Nikamwambia picha za harusi zipo. Hizo nazo hakuzitaka, na kwa kweli alikuwa na haki: bibi harusi ameinamisha kichwa kama mila inavyomtaka, amejazwa poda, na ni rangi tupu, asingeambulia kitu. Alitaka picha ambayo mkwe hajui kama anapigwa. Akijua, itakuwa kama ameletwa mbele yake na kulazimishwa kutazama. Asipojua, hakuna aliyemkosea mwenzake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba si ndiyo kazi yangu hiyo ya barabarani. Nakwambia, nilitoka pale kifua kimejaa. Miaka yote hiyo, mtu wa kwanza kuzihitaji picha zangu alikuwa yeye.

Mke wangu huuza ndizi na parachichi sokoni, kwa hiyo kumpata hakukuwa kazi. Kesho yake tu nilikuwa nimesimama ng'ambo ya meza yake, ukungu umetanda mpaka kwenye miguu ya watu, nikampiga anapanga ndizi. Nikaisafisha kwa ukubwa wa kitabu, nikampelekea baba. Akaisogeza, akaiondoa, akaigeuza kwenye dirisha.

"Naona karatasi," akasema.

Hakuwa anatania. Ile picha ilikuwa kijivu juu ya kijivu. Uso wa mke wangu ulikuwa umeyeyuka kwenye ukungu, na macho kama ya baba hayana nguvu ya kuuchomoa humo. Nikajaribu kuikoleza kwenye kompyuta, nikazidisha weusi, nikazidisha weupe, ikatoka kama uso wa mtu aliyemwagiwa unga. Nikaona aibu kumpelekea. Kilichotakiwa ni jua lenyewe, jua la upande mmoja, na nyuma yake kiza kitupu.

Jua ndilo halikuja. Nilikuwa naamka kabla ya watu, nachungulia nje, ukungu. Nilishinda sokoni mpaka mke wangu akaanza kunitania mbele ya wenzake, eti mume wangu siku hizi ananionea wivu, ananilinda. Wakacheka sana. Nami nikacheka, kicheko cha kinafiki, kamera ipo ndani ya koti isilowe. Kuna siku jua lilichomoza nikiwa nimeenda Kiwira kwenye picha za msiba. Niliporudi likawa limeshajificha, nikaipiga teke ndoo ya watu njia nzima ikalia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga hawakukosea. Nyumbani nako mambo yalikuwa yanaenda kombo. Baba akaacha kutoka kuchukua sahani. Alikuwa anangoja mimi nirudi nimwingizie. Nilipomuuliza akasema miguu inauma, na mimi nikaamini, maana nilitaka kuamini.

Halafu siku moja, mvua ikiwa inanyesha kama imelipwa, sote tulikuwa tumejibanza. Mke wangu alikuwa mlangoni mwa duka la vifaa vya ujenzi, mimi chini ya kibaraza cha upande wa pili. Mvua ikakatika ghafla. Wingu likapasuka upande wa magharibi, na jua likaja limelala, likapiga lami iliyolowa. Lami ikamrushia mwanga kutoka chini, jua likampiga kutoka ubavuni, na nyuma yake mle dukani hakukuwa na umeme, giza tupu. Mke wangu akatoka hatua moja, akainua uso kuangalia kama mvua imekwisha kweli. Mtu ambaye pale nyumbani kwetu hutembea kichwa chini, aliinua uso wote kwenye mwanga, mdomo uko wazi kidogo. Nikabonyeza. Nilijua hapo hapo kwamba nimepata. Wingu likafunga, na mvua ikarudi.

Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile na sitapiga nyingine. Nilitaka isafishwe kubwa, karatasi kubwa kuliko zote walizonazo pale studio, nikasimama kichwani kwa kijana wa mashine ya kusafishia picha mpaka akachukia. Nikaibeba ndani ya nailoni, nimeikumbatia.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nikamwekea mikononi. Akaishika kwa heshima, akaipapasa pembe zote, akaiinua kuelekea dirishani. Alikuwa ameshika upande wa nyuma. Karatasi nyeupe tupu ilikuwa inamtazama, na uso wa mke wangu ulikuwa unanitazama mimi. Nilingoja aseme karatasi iko kinyume. Hakusema. Alikuwa anatingisha kichwa taratibu, kama mtu anayesoma. Nikaelewa habari za miguu kuuma. Nikaelewa kwamba lile tundu lilikuwa limeshazibwa siku nyingi, wakati mimi nabishana na mawingu, na mzee alinyamaza ili nisivunjike moyo.

Nikaigeuza. Akahisi mkono wangu unaigeuza, na hapo tukajua wote wawili. Machozi yalinitoka bila sauti, nikashukuru kwamba baba hayaoni.

"Basi niambie," akasema. Sauti yake siku hizo ilikuwa imekwisha, ya kumfikia mtu aliyekaa karibu tu. Ya kwangu ni kubwa tangu kuzaliwa.

Nikaanza. Nikamwambia jua limetoka upande wa kulia, limelala, na lami imerudisha mwanga chini ya kidevu. Nyuma ni giza la duka, kwa hiyo uso umejitokeza wote. Nikamweleza kivuli cha pua kinavyoangukia shavuni, na tone la mvua lililoshika mwanga kwenye ukingo wa kanga. Nilisema vizuri, wallahi. Baba alisikiliza mpaka nikafika mwisho.

"Sijakuuliza habari za jua," akasema. "Nimekuuliza mkwe wangu yukoje."

Nikafungua mdomo. Nikasema ni mwanamke mzuri. Nikasema ana macho, ana… Nikaitazama picha. Nikasema amejaa kidogo, si sana. Nikasema, baba, ni mtu wa kawaida, mtu mzuri tu. Nilijisikia mpumbavu. Naujua uso ule kitandani na mezani, nimeutafuta masika yote kwa kamera, na nilipotakiwa kuusema nilikuwa kama mtu anayetafuta funguo gizani. Upande wa kushoto wa uso wake pichani ulikuwa umemezwa na weusi. Nilikuwa nimejivunia weusi ule.

Nje mtu akakohoa kidogo. Chakula. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani, lakini sauti yangu anaijua na maneno yangu ameyasikia. Nikangoja nyayo zake zijitenge kama siku zote. Hazikujitenga.

"Shikamoo, baba," mke wangu akasema, nyuma ya ukuta wa mbao.

Hakuwahi kumwamkia, tangu aingie kwenye boma lile. Baba alishtuka mabega, na papo hapo akageuza kiti na uso akauelekeza ukutani, kama inavyotakiwa mkwe akiwa karibu, yeye asiyeona dirisha wala ukuta.

Mke wangu akaendelea, taratibu, kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani. Alisema uso wake ni wa mviringo, wa mama yake. Alisema meno ya mbele yana mwanya. Chini ya jicho la kushoto ana kovu, alianguka na ndoo akitoka kisimani kwa bibi yake Masoko, akiwa mdogo, na bibi alilia kuliko yeye. Alisema mvi zimeanza, huku mbele, na huwa anazifunika na kilemba asionekane mzee sokoni. Mikono ni mikubwa kuliko ya wanawake wengine. Alisema akicheka macho yanafumba, na kwamba siku hizi hacheki sana.

Kovu lile nimelala nalo miaka yote, na sikuwahi kuuliza lilitoka wapi. Kwenye picha yangu halipo.

Baba alibaki ameelekea ukutani. Mkono wake ulikuwa bado juu ya ile karatasi. Aliponiita niliinama mpaka sikio likakaribia mdomo wake.

"Mwambie nimemwona," akasema. "Mwambie ndaga."

Nikatoka. Mke wangu alikuwa ameupa mgongo mlango wa nyumba, kanga imefunika kichwa, sahani ipo kwenye stuli imefunikwa vizuri. Nikamwambia baba amemwona, na kwamba anamshukuru. Aliitikia kwa kichwa. Akapangusa uso kwa pindo la kanga, akauliza bila kugeuka.

"Na shikamoo yangu, ameipokea?"

Nikamwambia ameipokea.